Maji ya leba: shajara ya mradi wa kukinga mvua kwenye zahanati ya kijiji, Chamwino

Sisi ni wazawa wa kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Wengi wetu tunafanya kazi mjini, na tunachangishana kuisaidia zahanati ya nyumbani. Shajara hii ni kwa ajili ya yeyote anayetaka kuiga. Bei zote ni za Dodoma mjini kwa wakati husika, na kazi zisizo na jambo la kujifunza tumezipitia haraka.

Septemba 2023: Tunaamua pesa iende wapi

Kikao cha kwanza kilikuwa na mapendekezo mengi: mashine ya ultrasaundi, bajaji ya kubebea wagonjwa, kupaka jengo rangi. Ultrasaundi ilianguka kwa sababu hakuna mtaalamu wa kuitumia hapo. Bajaji ilianguka kwa sababu usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga tayari unaratibiwa kwa mfumo wa m-mama: unapiga 115 bure na gari linatafutwa. Rangi ingependeza kwenye picha tu.

Jibu lilikuwa limebandikwa ukutani, kwenye mlango wa chumba cha kliniki. Ni karatasi ya mkono yenye orodha ya vitu ambavyo mjamzito aje navyo siku ya uchungu: khanga safi, mpira wa kulalia, glovu, pamba, wembe mpya, uzi. Mstari wa mwisho ulisema, "Ndoo 2 za maji."

Mjumbe mmoja wa Kamati ya Usimamizi wa Zahanati, bibi ambaye wajukuu zake wamezaliwa hapo, alitueleza maana ya mstari huo. "Mwanangu, uchungu ukianza usiku, mmoja anamshika mzazi, mwingine anatafuta maji. Ukiwa na binti mmoja tu nyumbani, unachagua." Wapo waliochagua kubaki nyumbani.

Kwa nchi nzima, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2022 ulionyesha kuwa akina mama 81 kati ya 100 wanajifungulia kwenye vituo vya kutolea huduma. Utafiti wa 2015/16 ulikuwa umepata 63. Hayo ni mafanikio makubwa, lakini maana yake pia ni kwamba leba za vijijini zinapokea wazazi wengi kuliko zamani huku nyingine zikitegemea ndoo iliyobebwa kichwani.

Kisima kirefu cha kijiji kipo, na bomba lake linafika nyuma ya zahanati. Shida yake ni mbili. Pampu inatumia dizeli, kwa hiyo maji yanatoka pale jumuiya ya watumia maji inapokuwa na hela ya mafuta. La pili, maji yenyewe ni ya chumvi. Mkunga alituonyesha mkasi wa kukatia kitovu ukiwa na kutu kwenye skrubu, na ile sufuria ya mvuke ya kutakasia vyombo ikiwa na gamba jeupe ndani, gumu kama chokaa.

Uamuzi: tutakinga maji ya mvua kutoka paa la zahanati.

Oktoba 2023: Hesabu kabla ya kununua

Hii ndiyo kazi iliyotuokoa kuliko nyingine zote, na haina gharama. Tulimwomba mhudumu wa usafi ahesabu ndoo za lita 20 zinazotumika kwa siku kwa wiki mbili. Zilikuwa kati ya 18 na 25, kulingana na wingi wa wagonjwa. Tukakadiria lita 400 kwa siku.

Paa ni mita 16 kwa 9, yaani mita za mraba 144. Kila milimita moja ya mvua juu ya paa hilo ni lita 144. Toa sehemu ya tano inayopotea kwa kuruka na kukauka, unabaki na takriban lita 115. Dodoma hupata karibu milimita 570 kwa mwaka, kwa hiyo paa linaweza kutoa lita 65,000 hivi.

Kwa kutazama namba hiyo peke yake mtu atafurahi. Lakini mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili. Kiangazi ni siku zipatazo 214, na kwa lita 400 kila siku unahitaji kuingia Mei ukiwa na lita 85,600 zilizohifadhiwa. Paa halifiki huko, na matenki ya kubeba kiasi hicho hatuna uwezo wa kuyanunua.

Mganga mfawidhi ndiye aliyeuliza swali lililobadilisha mradi: katika hizo lita 400, ni ngapi lazima ziwe za mvua? Kudeki, kufulia na chooni, chumvi haina madhara. Maji yasiyo na chumvi yanahitajika kwa kunawa mikono leba, kuosha na kutakasa vyombo, kumsafisha mama, na kumezea dawa. Hizo ni ndoo tano, lita 100. Matenki mawili ya lita 10,000 yakijaa mwishoni mwa Aprili, kwa lita 100 kwa siku yanafika siku 200. Pengo la siku 14 tunaweza kulinunulia maji ya boza.

Kwa hiyo mradi ukawa wa kutenganisha maji, na matenki yakawa sehemu yake tu. Anayeiga aanzie hapa. Hesabu ndoo, kisha ugawe matumizi, ndipo uende dukani.

Kuhusu fedha: zahanati ina akaunti yake ya benki, kama vituo vingine tangu serikali ilipoanza kupeleka fedha moja kwa moja vituoni mwaka 2017/18. Tulifikiria kuingiza mchango wetu humo, tukaelezwa kwamba matumizi yake sharti yafuate mpango uliokwisha kupitishwa, na mpango wa mwaka huo ulikuwa umefungwa. Mvua zisingesubiri. Tukanunua vifaa wenyewe, kamati ikavipokea kwa maandishi na kuviingiza kwenye leja ya mali za zahanati. Mhandisi wa halmashauri alipitia mchoro kabla fundi hajashika koleo.

Novemba 2023: Ufungaji

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatangaza El Nino, yaani mvua kubwa kuliko kawaida, tukakimbizana na mawingu.

Gharama: matenki mawili 4,300,000, usafiri kutoka mjini 280,000, gata za PVC (mifereji ya kukinga maji ukingoni mwa paa), vishikio na mabomba 1,240,000, misingi ya matenki 560,000, mawe na mchanga yakiletwa kwa nguvu za wananchi. Fundi alipopanda juu akakuta fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa unaoshikilia gata, upande wa mashariki imeliwa na mchwa, inabonyea kwa kidole. Kubadilisha, 310,000. Jengo la zaidi ya miaka kumi likague fisha bodi kabla ya kupanga bajeti.

Vishikio vya gata vilifungwa kila baada ya mita moja, kama maelekezo ya dukani. Mvua kubwa ya kwanza iligeuza gata kuwa upinde katikati, maji yakamwagika ukutani. Tuliongeza vishikio hadi vikawa kila sentimita 60, na tatizo likaisha.

Desemba 2023: Maji ya kahawia

Tenki la kwanza lilijaa upesi, ila maji yalikuwa na rangi ya chai. Vumbi la miezi saba, kinyesi cha njiwa na majani ya mkwaju ulioinamia paa, vyote viliingia ndani.

Kifaa cha kutupa maji ya kwanza kilikuwepo: bomba la inchi nne lililosimama wima kabla ya tenki, urefu wa mita tatu, lenye kifuniko chini. Maji machafu ya mwanzo yanajaza bomba hilo, masafi yanayofuata yanapita juu kwenda tenkini. Makosa yalikuwa mawili. Bomba moja la kipimo hicho linabeba lita 24 tu, ilhali kwa paa la mita 144 tulipaswa kumwaga angalau nusu lita kwa kila mita ya mraba, yaani lita 72. La pili, kifuniko kinatakiwa kufunguliwa kwa mkono baada ya kila mvua. Zahanati yenye wahudumu watatu haina mtu wa kukimbilia kifuniko mvua inapokatika saa nane usiku.

Tiba: mabomba matatu badala ya moja, na kila kifuniko kikatobolewa tundu dogo la upana wa msumari wa inchi mbili. Maji yanadondoka polepole, bomba linakuwa tupu lenyewe ndani ya saa chache, tayari kwa mvua inayofuata. Tundu huziba kwa mchanga, kwa hiyo kifuniko kinafunguliwa na kusafishwa mara moja kwa wiki, siku ya usafi wa mazingira. Gharama, pamoja na wavu wa mbu kwenye mdomo wa kila tenki, 95,000. Tawi la mkwaju lilikatwa na vijana wa kijiji.

Sampuli iliyopelekwa maabara ya maji ilirudi na majibu ya vimelea vya kinyesi. Tukamwaga maji, tukasugua tenki, tukaweka klorini kwa kipimo tulichoandikiwa na mtaalamu. Sampuli ya pili ilikuwa safi. Vipimo vyote viwili, 120,000.

Januari 2024: Tenki linainama

Huu ndio mkasa uliotugharimu kuliko mingine.

Tenki la upande wa magharibi lilianza kuegemea uwanjani. Kwanza bomba la kuingizia maji lilichomoka kwenye gata, tukadhani ni upepo. Siku chache baadaye msingi ukaonyesha ufa unaopitisha kidole, na upande mmoja ukawa umezama kiasi cha kiganja.

Lita 10,000 ni tani kumi. Fundi alichimba Novemba, ardhi ikiwa kavu, akagonga kwa sururu akasema pagumu kama mwamba. Ulikuwa udongo wa mbuga, ule mweusi. Ukikauka unakuwa mgumu kuliko tofali, ukilowa unavimba na kulainika. Dalili ilikuwa wazi kwa anayejua kuangalia: kiangazi eneo lile lote huwa na nyufa za kutumbukia mguu wa mbuzi. Tenki la mashariki limesimama kwenye changarawe na halijatikisika hata kidogo.

Kulitoa maji katikati ya msimu kuliuma. Tuliyahamishia mengine tenki la pili, yaliyobaki akina mama wa jirani wakajaza madumu. Kisha tukavunja msingi, tukachimba hadi kutoka kwenye udongo mweusi, karibu sentimita 90. Tukajaza moramu (udongo wa changarawe) kwa tabaka, kila tabaka likimwagiwa maji na kushindiliwa, juu yake mawe, juu kabisa zege la sentimita 15 lenye wavu wa nondo za milimita 10. Tukaongeza mfereji wa kupeleka mbali maji yanayofurika, maana yalikuwa yakidondokea palepale kwenye msingi. Gharama 790,000, zaidi ya misingi yote miwili ya mwanzo.

Usimwage zege kabla ya kuchimba shimo la majaribio na kulijaza maji usiku mzima. Asubuhi uingie na kukanyaga.

Kipindi hichohicho mgao wa umeme ulikuwa mkali. Mkunga alikuwa akizalisha kwa tochi ya simu iliyoshikwa na ndugu wa mzazi. Hatukuwa tumepanga taa, ila tusingeweza kuandika habari za matenki na kulinyamazia hilo. Seti ya sola yenye taa nne, mbili zikiwa leba, 640,000. Mwezi Februari mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 235, uliingia kwenye gridi na mgao ukapungua. Taa zimebaki na bado zinatumika.

Machi 2024: Koki mbili, rangi mbili

Matenki yote mawili yalikuwa yamejaa hadi kufurika. Huu ni mwaka wa El Nino, kwa hiyo usiuchukue kama kipimo cha kawaida.

Kutenganisha maji kulikuwa rahisi kwenye karatasi. Koki ya mvua tuliipaka buluu, ya kisima nyekundu. Lakini koki ya buluu ilikuwa hatua chache kutoka mlangoni, na ya kisima iko nyuma ya jengo. Mhudumu wa usafi alidekia maji ya mvua. Yeyote angefanya hivyo, ndoo ya lita 20 ni nzito na anadeki peke yake. Matangazo hayakusaidia. Tulivuta bomba la kisima hadi ubavuni mwa mlango wa nyuma, kwa mabaki ya mabomba tuliyokuwa nayo, na koki ya buluu ikapewa kufuli, ufunguo ukikaa kwa mkunga wa zamu. Tangu hapo kila maji yako mahali pake.

Jambo la kuwaambia wakunga: vyombo visilale kwenye klorini. Muongozo wa ukutani ni dakika 10. Sehemu ya kutu tuliyoilaumu chumvi ilitokana na vyombo kuachwa humo hadi asubuhi, kwa sababu hapakuwa na maji ya kuvisuuza.

Juni 2024: Tenki lina maji, sinki kavu

Mkunga alipiga simu. "Kaka, nimegonga tenki, sauti inasema limejaa zaidi ya nusu. Lakini sinki la leba linatoa uzi tu."

Maji hayapandi mlima. Sakafu ya zahanati imeinuliwa sentimita 45 kutoka ardhini, na mdomo wa koki ya sinki uko mita moja juu ya sakafu. Jumla, mita 1.45. Msingi wa tenki una sentimita 60 tu. Maana yake sentimita 85 za chini za kila tenki haziwezi kufika sinkini milele, na hiyo ni karibu theluthi ya akiba yetu. Wakati wa mvua hakuna aliyegundua kwa sababu matenki yalikuwa yamejaa.

Kwa haraka: ndoo nne za plastiki zenye koki, 18,000 kila moja, jumla 72,000. Zinajazwa kwenye koki ya chini ya tenki na kuwekwa juu ya stuli leba, pembeni ya kitanda, na kwenye chumba cha sindano. Zilifanya kazi vizuri kiasi kwamba wajumbe wengine walisema tuishie hapo. Ningekuwa na bajeti ndogo ningeishia hapo, na ninamshauri mwenye zahanati ndogo afanye hivyo bila kuona haya.

Mkunga aliomba zaidi, na sababu yake ilikuwa nzito. Mama akitoka damu nyingi baada ya kujifungua, mkono mmoja unakanda tumbo, mwingine unatafuta sindano. Ndoo ikiisha dakika hiyo hakuna wa kwenda nje na ufunguo. Tukakubali.

Julai 2024: Pampu ya kijiji inaharibika

Pampu ya dizeli ilikufa, na kijiji kizima kikabaki na visima vya mkono vya kule korongoni. Asubuhi moja foleni ya madumu ilifika zahanati.

Hawa ni watu waliobeba mawe ya misingi hii. Kamati ilikaa chini ya mti na mwenyekiti wa kijiji, na mazungumzo yalikuwa machungu. Baba mmoja aliuliza ana faida gani na maji ya mama wa kesho wakati watoto wake wana kiu leo. Hakuna aliyekuwa na jibu jepesi.

Walichoamua: tenki halifunguliwi kwa kaya. Mama anayeruhusiwa na mtoto mchanga anaondoka na dumu moja. Kila msimu wa mvua, maji yanayofurika yatakuwa ya wananchi, tukiweka koki ya nje kwa ajili hiyo. Na mkutano mkuu wa kijiji ukapitisha mchango wa kutengeneza pampu, kila kaya kwa uwezo wake. Ilirudi kufanya kazi Agosti. Zahanati nayo ililazimika kununua boza la maji ya kudekia kipindi hicho, kwa fedha zake yenyewe.

Ukijenga chanzo cha maji penye kiu, andikeni kanuni za kugawana kabla ya kiangazi cha kwanza, kwenye mkutano wa hadhara. Kanuni iliyoandikwa watu wakiwa na madumu mkononi inaacha majeraha.

Septemba 2024: Mnara

Mnara wa chuma wa mita tatu 850,000. Tenki dogo la lita 1,000 juu yake 280,000. Pampu ndogo ya sola na paneli yake 1,150,000. Pampu inavuta kutoka matenki makubwa mchana, na maji yanashuka yenyewe hadi leba. Ikiharibika, ndoo za koki bado zipo. Hatukukutana na tatizo lolote kubwa, ila funga paneli mahali ambapo kivuli cha mnara wenyewe hakiifikii jioni.

Oktoba 2024: Hesabu ya jumla

Jumla hadi leo ni shilingi 10,687,000. Anayeiga bila mnara na pampu, bila taa, na akajenga ule msingi wa magharibi vizuri mara moja tu, angetumia takriban 7,487,000 kwa bei hizi. Kwenye udongo wa changarawe itashuka zaidi.

Ile karatasi ya mlangoni imeandikwa upya. Glovu na uzi bado vimo, na hilo linatuumiza, kwa sababu vinapaswa kutolewa na zahanati. Mganga mfawidhi anasema vinapokosekana Bohari ya Dawa ya serikali, utaratibu wa kununua kwa mshitiri (muuzaji binafsi aliyeidhinishwa) upo, ila unataka akaunti iwe na kitu, na makusanyo ya papo kwa papo, yaani fedha taslimu za wagonjwa, na ya CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) ni madogo. Hapo ndipo mjadala wa kikao chetu kijacho utaanzia. Kadi ya CHF iliyoboreshwa mwaka 2024 ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita kwa mwaka, na baadhi yetu wanataka tuzilipie kaya zisizo na uwezo. Mimi ninaunga mkono, kwa sharti kwamba tuanze na dawa kuwepo rafuni. Kadi bila dawa itawavunja moyo watu, na mwaka unaofuata hawatalipia tena.

Maji yaliyobaki kwa kipimo cha jana: tenki la mashariki ni sentimita 40, la magharibi 35. Kwa lita 100 kwa siku tutafika katikati ya Novemba, kisha boza moja. Kabla ya mvua: kusafisha gata, kuzibua matundu ya vifuniko vitatu, kukata machipukizi ya mkwaju, kubadilisha wavu wa mbu wa tenki la mashariki uliochanika, na kufunga ile koki ya nje tuliyowaahidi wananchi.